Diwani Aliyeisoma Mvua ya Mawe

Jina lake silitaji. Wengine watasema namwogopa, wengine watasema namheshimu, na wote watakuwa wamekosea. Silitaji kwa sababu limeshaandikwa mahali panapotosha: kwenye jiwe la msingi la chumba cha kuzalia, pale dispensari yetu, kwa rangi nyekundu, jina lake na la babake, na juu yake neno Mheshimiwa. Chumba chenyewe kimefungwa kwa kufuli. Ndani mna toroli za kanjo, yaani halmashauri yetu, na mbuzi wa mlinzi. Jina bado linang'aa. Basi mimi nitamwita Diwani, kama tulivyomwita sote, hata mkewe.

Alivaa tai na gambuti za mpira. Tai ilikuwa ile ile siku zote, ya rangi ya maini, na gambuti alizipaka mafuta ya kupikia mpaka unaweza kujitazama humo ukachana nywele. Juu yake kabuti zito la kijeshi, na mkononi mwavuli ambao sijawahi kuuona umefunguliwa, mvua inyeshe vipi. Nikiwa msichana wa shule nilimwuliza, "Diwani, huo mwavuli ni wa nini?"

"Wa kuonyesha, lakwet."

Lakwet kwa Kikipsigis ni mtoto, na kwake yeye kila mtu aliyezaliwa nyuma yake alikuwa lakwet, hata chifu. Na kweli, mwavuli ule aliutumia kuonyesha. Alionyesha mahali pa kuchimba mtaro, mwizi wa kuku alipitia wapi, ng'ombe gani ana mimba. Zaidi ya yote alionyesha mawingu.

Kwetu mvua si habari. Mvua inakuja karibu kila mchana kama mgeni aliyezoea, inakunywa chai, inaondoka. Habari ni mawe. Mvua ya mawe ikishuka kidogo tu, shamba la majani ya chai linabaki vijiti, na utakaa wiki na wiki ukitazama kikapu kitupu. Huyu mtu alikuwa anayajua mawe. Alisimama mbele ya banda la kununulia majani, ambako alikuwa mwenyekiti, akainua mwavuli kuelekea upande wa Sigowet, akalitazama wingu tumboni. Likiwa jeusi tu, ni mvua. Likiwa na kijani kama nyongo ya ng'ombe, ni mawe. Hapo alichukua chuma kilichoning'inizwa kwenye nguzo ya banda akakigonga mpaka ng'ambo ya mto wakasikia.

"Chumeni! Chumeni sasa, wacheni porojo, mtaongea na mashina?"

Na wanawake walichuma kama wamefukuzwa. Majani yakafika bandani, na muda si muda bati linapigwa ngoma. Hakukosea. Mara moja tu alipiga chuma na mawe yasije, yakaangukia kilima cha pili. Mama yangu akamcheka, "Leo Diwani umetudanganya." Akajibu bila hata kutabasamu, "Mimi sikukosea. Ni mawe yamepotea njia."

Nayasema haya mapema ili mtu asije akafikiri namchukia kwa kuwa simjui. Namjua. Majani yaliyolipa karo yangu hadi kidato cha nne yaliokolewa na kile chuma. Hilo ndilo linalonikaba.

Alikuwa na neno lake: "Niachieni mimi." Maji yamekauka kwenye bomba, niachieni mimi. Mwalimu wa nasari amehamishwa, niachieni mimi. Bibi na bwana wamepigana kwa ajili ya pombe, niachieni mimi, na jioni utamwona kati yao, gambuti zikimetameta, kila mmoja amepewa kiti chake na kikombe chake. Mara nyingi alifanikiwa. Watu wakizoea mtu anayefanikiwa, wanaacha kutumia miguu yao wenyewe. Tulimwachia. Tulimwachia hadi tukasahau kwamba kuachia ni kupoteza.

Chumba cha kuzalia kilianza hivyo hivyo. Mwanamke mmoja wa jirani alifia njiani akipelekwa Kericho mjini, na mtoto wake tumboni. Siku ya mazishi Diwani alisimama kaburini, akavua kofia, akasema, "Hii haitarudi. Niachieni mimi." Kisha akatuamuru tubebe mawe. Wanafunzi tulibeba mchanga kutoka mtoni kwa makopo. Mama zetu walibeba mawe kwa mgongo, kamba kwenye paji la uso kama wanavyobeba kuni. Naye alibeba. Hapo siwezi kudanganya. Alivua kabuti, akarusha tai begani, akabeba jiwe moja baada ya jingine hadi viganja vikapasuka, na mkewe akawa anamlisha ugali kwa mkono wake kama mtoto. Wanaume waliopita wakicheka waliishia kubeba kwa aibu.

Chumba kilipokwisha, kanjo ikatuletea Sista, mkunga. Alikuwa mama wa kutoka upande wa ziwa, mnene, mwenye sauti ya kuamsha kijiji, na Kikipsigis chake kilikuwa cha matusi tu maana hayo ndiyo wagonjwa walimfundisha. Mtoto wangu wa kwanza alimpokea yeye. Nakumbuka nikipiga kelele kwamba nakufa, naye ananiambia, "Kufa kesho, mama, leo nina kazi. Sukuma!" Yule mtoto alitoka mzima, mikono miwili, na Sista akamwinua juu akasema, "Huyu atachuma majani mpaka wazungu wachoke kunywa."

Kwa watu wa ng'ambo ya mto Diwani hakuwa na neno zuri. Wao walikuwa na kanjo yao, sisi yetu, zote ndogo, zote za kuchekesha. Wao walikuwa na lami na benki iliyofunguliwa siku za soko. Sisi tulikuwa na chumba chetu na soko la ng'ombe, ambalo watu walitoka hata Siongiroi kulifuata. Diwani alisema ng'ambo wanachemsha majani ya chai mara mbili. Alisema ukimkaribisha mtu wa ng'ambo, hesabu vijiko. Kila mkutano alikuwa na moja jipya, nasi tunacheka tukishika mbavu. Ndiyo maana ilipokuja ile habari ya kuunganishwa, tulijua wa kwanza kupigana atakuwa yeye.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kinakatwa na kushonwa upya. Bomet ilikuwa imeshakatwa kutoka Kericho ikawa wilaya peke yake, na kila hoteli ya chai ilikuwa na mtu anayechora mipaka mezani kwa kidole kilichochovywa kwenye uji. Kisha ikatufikia sisi: kanjo mbili, yetu na ya ng'ambo, eti ni ndogo mno, haziwezi kujilisha, ziunganishwe ziwe moja. Ofisi moja. Soko moja. Dispensari moja yenye chumba cha kuzalia. Hata mtu ambaye hajasoma alielewa hiyo moja itakuwa wapi. Itakuwa kwenye lami. Na katikati kuna mto, na juu ya mto kuna daraja la magogo ambalo mvua ikikasirika linazama.

Wanawake tukaenda kwake. Tulikaa kwenye nyasi mbele ya nyumba yake, mkewe akatuletea chai. Mama yangu ndiye aliyesema. "Diwani, wakichukua soko, wachukue. Tutatembea. Lakini uchungu wa kuzaa hautembei mpaka ng'ambo."

Akasimama. "Mama, nilibeba mawe ya chumba kile kwa hii mikono. Nani atakihamisha mimi nikiwa hai? Niachieni mimi."

Tukanywa chai yake tukarudi nyumbani. Tukamwachia.

Ambacho hatukujua, na ambacho mkewe mwenyewe alikuja kuniambia baadaye akichuma karibu yangu, ni kwamba alikuwa ameshavuka mto. Wale wachemsha majani mara mbili walikuwa wamemkaribisha nyama ya mbuzi, wakamwambia kanjo kubwa itahitaji mwenyekiti mkubwa, mtu anayeheshimiwa pande zote. Mtu kama yeye. Mkewe alisema usiku ule alirudi akiimba wimbo wa kanisani, na yeye si mtu wa kuimba.

Siku ya mkutano, D.O., afisa wa tarafa, alikuja na kamati ya kusikiliza maoni ya wananchi. Mkutano ulikuwa uwanjani, mbele ya banda la majani. Tulijaa. Mimi nilikuwa na mtoto wangu mgongoni, na kina mama wote niliowajua walikuwepo, tumejipanga moyoni kusema hapana. Wachache walitaka kuungana, hasa wenye maduka, na sababu zao si za kijinga zote, lakini walikuwa wachache. Ukitupa macho ulijua.

D.O. alikuwa kijana mwenye viatu safi, na alikuwa anatazama barabara kila dakika. Akasema hakuna haja ya karatasi. Tufanye kama tulivyozoea kwenye ule uchaguzi wa mlolongo: wanaotaka wasimame upande mmoja, wasiotaka upande mwingine, macho yaone.

Diwani akainuka. "Mheshimiwa, hawa ni watu wangu. Niachie mimi niwapange."

Akatupanga. Kwa mwavuli akaonyesha: wanaotaka kuungana, upande wa banda. Wasiotaka, kule chini, karibu na miti ya blugamu. Tukaanza kuinuka, naye akatupungia tukae. Alikuwa na maneno machache kwanza.

Sasa sikiliza. Huyu ni mtu ambaye hotuba yake ndefu kuliko zote niliyowahi kusikia ilikuwa fupi kuliko sala ya chakula. Siku hiyo alizungumza. Alianza na Uhuru. Akazungumza mbolea. Akazungumza umoja, akazungumza vijana na nywele zao, akarudi kwenye mbolea. Mama akaninong'oneza, "Leo amekula nini?" Mimi nilikuwa namtazama usoni, na nikamwona, katikati ya neno, akiinua macho kuelekea Sigowet. Si mwavuli. Macho tu. Nikageuka na mimi nikaangalia. Wingu lilikuwa limekaa pale na tumbo la kijani.

Chuma kilikuwa kwenye nguzo, hatua chache kutoka mkononi mwake. Hakukigusa.

"Basi," akasema, "simameni mahali penu, Mheshimiwa ahesabu."

Tukashuka kwenye blugamu, umati mzima, tukijisikia watu. Upande wa banda walibaki wenye maduka na wake zao, wamebanana kama wanaona haya. D.O. akatoa kalamu. Na hapo ndipo mawe yakaanguka.

Kama hujawahi kupigwa na mawe ya kwetu, usiniulize tulikimbilia nini. Yalikuwa makubwa kama ndulele, yanaruka kwenye nyasi. Radi ikapiga kilimani, na kila mtoto wa Kericho anajua usisimame chini ya blugamu radi ikipiga. Paa lilikuwa moja tu. Nilimtoa mtoto mgongoni nikamkunja kifuani nikakimbia, na ningekimbia tena leo. Sote tulikimbia. Tuliingia bandani tukasukumana, wanaotaka na wasiotaka, tumelowa, tunacheka kile kicheko cha kuokoka. Na D.O., ambaye alikuwa amesimama humo humo kwenye mizani ya majani, akaanza kuhesabu vichwa.

"Ngoja, Mheshimiwa!" Mama yangu akapaza sauti. "Sisi tumekuja kujikinga tu!"

"Mama, mimi naandika ninachoona."

"Lakini mawe..."

"Mkutano haujaahirishwa. Kuna aliyeahirisha mkutano?" Akamgeukia Diwani. "Diwani, umeahirisha?"

Diwani alikuwa anapangusa gambuti zake kwa leso ya mfukoni. "Sijaahirisha," akasema.

Nje alibaki mtu mmoja, mlevi wetu wa soko, aliyekuwa amelala kwenye mtaro tangu asubuhi na hakujua kama kuna mkutano wala mawe. D.O. akamwonyesha kwa kalamu. "Yule tutamwandika anapinga." Wenye maduka wakacheka hadi wakakohoa. Mpaka leo yule mlevi anaitwa Upinzani, na watoto wakimwita anapiga saluti.

Mambo mengine yalikwenda upesi. Kanjo zikawa moja. Soko la ng'ombe likavuka mto. Kisha gari la kanjo likaja kuchukua vitanda vya chumba cha kuzalia, na Sista akaondoka ameketi juu ya kimoja, akipunga mkono na kutukana kwa Kikipsigis, machozi yanamtoka. Diwani hakuonekana siku hiyo. Alikuwa ng'ambo akingojea uenyekiti. Hawakumpa. Walimpa umakamu kwa muda, kiti chenye mto, na kwenye uchaguzi uliofuata hata hicho wakamnyang'anya. Hesabu vijiko, alikuwa akitufundisha. Yeye hakuhesabu.

Uchungu wangu wa pili ulinianza alasiri ya mvua. Daraja lilikuwa chini ya maji. Bwana yangu alikuwa kiwandani. Mama alinishika tukapanda hadi barabara kuu kuzunguka kwa mbali, na lori la majani likatusimamia, na humo juu ya magunia, kati ya kijiji chetu na mahali popote, nikazaa. Kichwa kilitoka, bega likakwama. Mama hakuwa mkunga. Alichojua ni ng'ombe. Alivuta kama anavyovuta ndama, kwa mkono wa mtoto alioufikia, kwa nguvu zake zote, kwa sababu alitaka tuishi. Tuliishi. Tukamwita Cheruto, jina la msichana aliyezaliwa safarini. Mkono wake wa kushoto unaning'inia kama mkono wa sweta. Mama yangu hajawahi kumbeba tena bila kulia, na simlaumu, na nikisikia mtu anamlaumu nitamvunja meno.

Kuchuma majani ni mikono miwili. Kwetu hiyo si methali wala mafumbo, ni kazi tu. Vidole vya kulia na vya kushoto vinakwenda pamoja kama kuku anadonoa. Nimekaa na hilo.

Alipopata habari, Diwani alimtuma mkewe na kibuyu cha mursik, maziwa mazuri yenye mkaa, ya mama aliyejifungua. Nilimwagia mbwa. Mama akanisimamia, "Maziwa yamekukosea nini?" Mbwa alifurahi.

Miaka kadhaa sikumwona Diwani isipokuwa kwa mbali. Kilimani watu walianza kupigwa na mawe bila onyo, kwa sababu yule mwenyekiti mpya wa banda anasikiliza utabiri wa redio, na redio haijui tumbo la wingu la Sigowet. Chuma kikaibwa, kikauzwa kwa vyuma vikuukuu. Watu wakaanza kusema, "Angalau siku za Diwani..." Niliwasikia wanawake wale wale. Nilitaka kuwatapikia.

Kisha mwaka huu, mwezi wa majani mengi, nilimpeleka Cheruto ng'ambo, kwenye dispensari ya kanjo kubwa, kwa mazoezi ya mkono. Foleni ilikuwa imetoka nje hadi uwanjani. Kwenye baraza, mahali pa pekee penye bati, alikaa mzee mwenye tai ya rangi ya maini. Gambuti zilikuwa zimepasuka, zimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Mguu wake ulikuwa umevimba. Alikuwa amevuka daraja kwa miguu kama sisi.

Cheruto ana adabu, hiyo nilimfundisha kabla sijajua atamwonyesha nani. Alimwendea akainamisha kichwa asalimiwe kama watoto wanavyowasalimu wazee. Mzee akamwekea kiganja utosini. Kisha akaona mkono. Alikaa akiutazama, na kiganja hakikuondoka kwenye kichwa cha mtoto wangu.

"Huyu ndiye wa lori?"

"Ndiye."

Hakusema pole. Ningemrukia kama angesema. Mimi nikabaki chini uwanjani, nimeshika beseni langu la bati la kumkandia Cheruto mkono, nikamwuliza lile ambalo nimelala nalo miaka yote. "Siku ile, Diwani. Uliyaona mawe yanakuja?"

"Mimi huyaona siku zote, lakwet."

Mtu kwenye foleni alikuwa anakohoa.

"Nilisema wakinipa kile kiti," akaendelea, akitazama gambuti, "nitawarudishia chumba. Hicho ndicho nilikuwa nimepanga. Hawakunipa kiti."

Halafu, kwa mazoea, akainua mwavuli akauelekeza Sigowet. Sikuhitaji kuangalia. Watu walioko nyuma yangu waliangalia, na foleni ikavunjika, wote wakakimbilia barazani, wakabanana ukutani. Diwani alimvuta Cheruto kwake akamfunika kabuti. Jiwe la kwanza likagonga beseni langu.

"Ingia, lakwet! Utaumia! Mtoto niachie mimi, wewe ingia!"

Nafasi ilikuwepo. Nililiweka beseni kichwani nikasimama pale pale, katikati ya uwanja, mawe yakinipiga mabegani na kwenye vidole, na sauti juu ya kichwa changu kama lile banda letu.

"Hesabu, Diwani," nikamwambia. "Hesabu walio huku nje."

Watu wakadhani nimeingiwa na wazimu. Yeye hakudhani. Alitazama uwanja wote, kushoto hadi kulia, polepole, kama D.O. na kalamu yake. Kisha akatoa mkono ndani ya kabuti, akainua kidole kimoja, na akakiacha hapo hewani mpaka mawe yalipokwisha.